Buibui Aliyeurukia Mshale

Saa nane mchana steshenari yangu huwa imepoa. Wanafunzi wako darasani, wenye haraka ya benki wameshapita asubuhi, na jua la Majengo linakuwa limewasukuma watu wote kivulini. Siku hiyo ndani tulikuwa wawili: mimi, na mzee mmoja aliyekuja kutoa kopi za hati ya shamba. Mashine ilikuwa bado inapasha moto. Mkono wangu ulikuwa kwenye mausi.

Buibui mdogo wa kijivu akapanda kwenye kioo cha kompyuta kutokea chini.

Nilisogeza mausi, mshale ukahama, naye akageuka. Aligeuka mwili mzima kwa mkupuo mmoja, uso ukauelekea mshale, akatulia. Nikasogeza tena. Akageuka tena.

"Hebu mpeleke kulia," mzee alisema. Alikuwa ameshavaa miwani.

Nikaupeleka mshale kulia taratibu. Buibui akaunyatia hatua chache, akajikunja, akaruka. Alitua juu ya mshale barabara, akapapasa kioo, akakuta hakuna kitu. Mzee akacheka hadi akaegemea meza.

Kisha akaacha kucheka.

"Binti, huyu anaona. Hilo halina ubishi. Sasa, anajua anachokiona?"

Nikamhesabia kopi zake, akalipa, akashukuru, akaenda zake. Swali akaniachia mimi.

## Ukuta wa nyuma

Buibui warukaji unawajua hata kama hujawahi kuwatafutia jina. Ni wale wafupi wenye manyoya, wanaotembea ukutani kwa kushtukashtuka, ambao ukiwasogezea kidole wanakugeukia badala ya kukimbia. Hawatandi utando wa kunasia. Wataalamu wanaiita familia yao Salticidae, na kwa wingi wa spishi hakuna familia ya buibui inayoifikia: zilizokwisha kuelezwa zinapita 6,000. Wamo karibu kila mahali. Mmoja wao, Euophrys omnisuperstes, amepatikana kwenye miteremko ya Everest katika kimo cha mita 6,700 hivi. Kilele chetu cha Uhuru ni mita 5,895, kwa hiyo tunaojivunia mlima hapa Moshi tutulie kidogo.

Wa kwangu hawana makuu. Wanaishi kwenye ukuta wa nyuma ya duka, unaopigwa na jua la asubuhi, na chini yake kuna pipa la mabaki la mama ntilie wa jirani. Penye pipa pana inzi. Kwa umbo lao bapa na rangi yao ya kijivu wanafanana sana na Menemerus bivittatus, spishi yenye asili ya Afrika iliyosambaa katika nchi za joto duniani kwa kuzifuata kuta za watu.

Baada ya swali la mzee nilianza kunywea chai huko nyuma.

Nilichokwenda kutazama ni kuruka. Nilichokiona zaidi ni kusubiri. Inzi anatua. Buibui, akiwa mbali kama urefu wa kalamu, anamgeukia. Hafanyi kitu. Inzi anaanza kusugua miguu yake ya mbele, buibui anasogea. Inzi anatulia, buibui anatulia. Akifika karibu, anashusha tumbo mpaka liguse ukuta. Hapo anabandika uzi, kwa sababu buibui mrukaji haruki bila kujifunga. Akikosa, uzi humdaka asianguke hadi chini. Halafu anaruka, na tukio lenyewe linaisha kabla hujapepesa jicho.

Mara nyingi, hata hivyo, haruki kabisa. Anamtazama inzi, anamtazama tena, kisha anageuza uso na kwenda zake. Huo ndio uamuzi ulionisumbua kuliko kuruka. Ameona nini kilichomfanya aghairi?

Nikaanza kuhesabu anavyovikataa. Jivu linalopeperushwa na upepo: anageuka, anatazama, anapuuza. Uzi wa kitambaa unaotikisika: vilevile. Sisimizi: anageuka, anatazama, anarudi nyuma. Kama angekuwa mashine ya kurukia kila kinachosogea, asubuhi moja tu kwenye ukuta ule ingemmaliza nguvu. Mbona basi aliurukia mshale?

## Macho ya mbele na macho ya pembeni

Ilibidi nisome. Nilimaliza bando la wiki kwa jambo lisiloniingizia hata shilingi.

Buibui hawa wana macho manane. Mawili makubwa ya mbele ndiyo yanayowapa ile sura ya mtoto anayeshangaa, sura inayowafanya wapendwe hata na watu wanaochukia buibui. Mengine yamepangwa kuzunguka kichwa, na jozi moja kati yake ni ndogo mno. Haya ya pembeni hayaoni undani mkubwa, lakini kwa pamoja yanaona karibu pande zote, nyuma pia. Kazi yake ni kugundua kwamba kuna kitu kimesogea, na kuujulisha mwili ugeukie wapi.

Makubwa ya mbele kazi yake ni nyingine. Lenzi yake imeshikana na gamba la uso, haiwezi kuzunguka kama jicho langu na lako. Nyuma ya lenzi kuna mrija mrefu unaoingia ndani ya kichwa, na retina, yaani sehemu inayopokea picha, iko mwisho wa mrija huo. Kinachotembea ni mrija. Mwaka 1969 mtafiti Mike Land alionyesha kwamba kila mrija unavutwa na misuli sita, na kwamba retina yenyewe ni ukanda mwembamba unaoona kipande kidogo tu cha dunia kwa wakati mmoja. Kwa hiyo buibui huutembeza ukanda huo juu ya anachokitazama: kushoto, kulia, huku akiuzungusha polepole. Ni kama kusoma maandishi ya kanga iliyoanikwa uani kwa kuchungulia kwenye tundu la ufunguo. Herufi moja, nyingine, nyingine, mpaka maneno yakamilike.

Ndani ya tundu hilo, lakini, anaona vizuri ajabu. Kwa buibui wa jenasi ya Portia, macho ya mbele yanaweza kutofautisha vitu viwili vilivyoachana kwa digrii 0.04 tu. Kereng'ende, ambaye kwa wadudu ndiye bingwa wa kuona, anafikia karibu digrii 0.4. Binadamu tunamzidi Portia mara tano au sita hivi, tena kwa jicho ambalo peke yake ni kubwa kuliko buibui mzima.

Kwa baadhi ya spishi unaweza kuliona hili bila kifaa. Mtazame usoni kwenye mwanga mzuri: jicho kubwa linabadilika rangi, mara jeusi tii, mara hudhurungi. Likiwa jeusi tii, mrija umekuelekea wewe.

Land alijiuliza huo mzunguko wa polepole ni wa nini, na jibu alilopendekeza lilinifanya niiweke simu chini. Buibui anatafuta miguu. Anapitisha ukanda wake juu ya kitu akiangalia kama kina mistari iliyoinama kwa pembe fulani, yaani miguu ya buibui mwenzake. Mwaka 1952, Oskar Drees wa Ujerumani alikuwa ameshawaonyesha madume michoro mbalimbali. Mchoro wenye mistari ya miguu pembeni uliwafanya waanze kuchumbia. Michoro mingine waliishambulia kama chakula.

Kosea hapo, na unaweza kumchumbia mlo wako au kumla mchumba.

## Mguu usionyooshwa na msuli

Nipite haraka kwenye kuruka kwenyewe, ingawa ndiko kulikowapa jina.

Goti lako linakunjwa na msuli mmoja na kunyooshwa na mwingine. Buibui ana viungo viwili katika kila mguu visivyo na msuli wa kunyoosha. Anavinyoosha kwa shinikizo la majimaji ya mwili, ambayo ndiyo damu yake. Anapotaka kuruka, shinikizo linapanda ghafla, miguu ya nyuma inanyooka kwa pamoja, naye anapaa mara nyingi ya urefu wa mwili wake. Ndiyo maana buibui aliyekufa unamkuta amejikunja miguu yote ndani: shinikizo limekwisha, misuli ya kukunja imebaki peke yake.

Kinachonishangaza zaidi ni kwamba anajua umbali. Mwaka 2012 watafiti wa Japani walieleza anavyoufahamu, kwa kumchunguza Hasarius adansoni, mrukaji mwingine wa majumbani. Retina ya macho ya mbele ina tabaka nne zilizopangwa moja nyuma ya nyingine. Mwanga wa kijani unapokelewa na tabaka mbili, lakini picha inatulia sawasawa kwenye moja tu. Kwenye ya pili huwa na ukungu. Kadiri kitu kinavyokaribia, ukungu unabadilika, na buibui anasoma umbali kutokana na ukungu huo. Watafiti walipomwashia taa ya kijani aliruka akafika. Walipomwashia nyekundu aliruka akaishia njiani.

Basi tuuache mguu. Mwindaji yuko machoni.

## Nukta zinazotembea

Kwa muda nilikuwa na jibu la kumpa mzee akirudi: hapana, hajui. Ana orodha fupi ya maumbo kichwani, kitu kinapita kwenye orodha, mguu unafanya kazi yake. Mshale mweusi, mdogo, unaosogea na kusimama ulifaulu mtihani wa "inzi", akaurukia. Jibu hilo lilikuwa safi. Halikunipa usingizi.

Lililonisumbua ni kwamba baada ya kuukosa mshale mara chache aliacha kuurukia. Aliendelea kugeuka ukipita, anautazama, lakini mguu hauinui. Kitu kilikuwa kimebadilika ndani yake huku mshale ukiwa uleule.

Ndipo nikakutana na jaribio lililochapishwa mwaka 2021 na Massimo De Agrò na wenzake. Walitumia Menemerus semilimbatus, ndugu wa karibu wa hawa wa ukutani kwangu. Walimshikilia buibui mgongoni ili asiweze kwenda popote, wakamwekea mpira mwepesi chini ya miguu. Akitaka kugeuka, mpira unazunguka, na wao wanapima anataka kuelekea wapi. Kwenye skrini mbele yake walipitisha nukta tu, hakuna umbo. Kundi moja la nukta lilitembea kama viungo vya kiumbe mwenye miguu kinavyotembea. Kundi jingine lilisogea ovyo. Nukta hizo zilipita sehemu inayoonwa na macho ya pembeni.

Buibui walitofautisha. Nukta, bila mwili, na macho yale "hafifu" ya pembeni, yalitosha kubagua kiumbe hai na vurugu.

Lakini walilipa uzito lipi? Hapo ndipo jibu langu safi lilipovunjika. Waligeukia zaidi nukta zilizosogea ovyo.

Watafiti wanalieleza hivi: nukta zinazotembea kama kiumbe, macho ya pembeni yameshazielewa. Hakuna haja ya kugeuza mwili mzima ili kuthibitisha. Zile zisizoeleweka ndizo zinazohitaji kutazamwa kwa macho makubwa. Kwa maneno mengine, buibui hakugeuka kwa sababu ametambua. Aligeuka kwa sababu ameshindwa kutambua.

Mzee alirudi kutaka kitambulisho chake kiwekewe lamination. Shikamoo, marahaba, nikamsimulia yote hadi mashine ikapoa. Alisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Kwa hiyo siku ile alivyotugeukia mimi na wewe, alikuwa anauliza."

Nilitaka kumsahihisha, kwamba kuuliza ni neno kubwa kwa kichwa kidogo kama kile. Sikumsahihisha. Mpaka leo sijapata neno dogo linalotosha.

## Anayeshuka ili apande

Kuna wasomaji watakaosema nampamba mdudu. (Na kuna watakaosema buibui si mdudu kwa kuwa ana miguu minane. Wote nawasalimu.) Basi tumtazame yule anayewatesa wataalamu wenyewe, Portia.

Portia hula buibui wengine. Huingia kwenye utando wa mwenye nyumba na kuuchezea kwa miguu, akijaribu mtikisiko huu na ule mpaka apate unaomvuta mwenye utando aje. Upepo ukivuma na kuutikisa utando wote, ndipo anaposonga mbele, maana hatua zake hazitasikika. Hayo pekee yangetosha makala nyingine.

Jaribio ninalolirudia kichwani ni la njia. Michael Tarsitano na Robert Jackson walimweka Portia juu ya mnara mdogo. Kutoka pale aliweza kuona chambo mahali fulani, na njia mbili za waya zilizoinuka na kupinda. Moja ilifika kwenye chambo, nyingine haikufika. Ili azifikie njia hizo ilibidi ashuke chini kabisa, na akishuka chambo hakionekani tena. Portia alikaa juu akitazama, akitazama, akashuka, na mara nyingi akachagua njia sahihi, hata pale ilipobidi aipite kwanza ile isiyofaa.

Huyo amepanga safari? Nilisema ndiyo kwa siku kadhaa, nikiwaudhi wateja.

Kisha nikasoma kazi ya Tarsitano na Richard Andrew ya mwaka 1999, iliyofuatilia buibui anatazama wapi akiwa juu ya mnara. Huanza kwenye chambo na kufuata waya kwa macho kurudi nyuma. Akifika penye pengo, anageuza macho. Njia iliyokatika inapoteza mtazamo wake, isiyokatika inazidi kuuvuta. Mwishoni anaelekea kule alikotazama zaidi. Hivyo huenda hakuna ramani yoyote kichwani. Kuna macho yanayofuata waya, na kanuni ndogo ya kuacha penye pengo.

Mtu mwingine angeona hapo akili imeyeyuka ikabaki hesabu. Mimi iliniimarisha. Kama kupanga safari kunaweza kufanyika ndani ya kutazama kwenyewe, basi kule kusubiri kwote ukutani, kule kugeuka na kughairi, ndiyo kazi. Mrukaji anafikiri kwa mirija miwili inayotembea, na sisi tunamlipia tiketi ili tuone akiruka.

## Dada yangu na mbu

Dada yangu mkubwa ni muuguzi kwenye zahanati moja kusini mwa mji, huku kwenye mashamba ya mpunga. Malaria kwake si mada ya kusoma kwenye simu. Nilipomsimulia habari za buibui alivumilia, mpaka nilipofika kwa Evarcha culicivora.

Huyu anaishi kando ya Ziwa Viktoria, na Jackson na wenzake wamemchunguza kwa miaka mingi Mbita Point, upande wa Kenya. Mwaka 2005 walichapisha jambo ambalo hakuna mwindaji mwingine aliyekuwa amejulikana kulifanya: anakula damu ya wanyama wenye uti wa mgongo, sisi tukiwemo, bila kumuuma mtu. Hana mdomo wa kutoboa ngozi. Anachofanya ni kuchagua mbu jike aliyeshiba damu. Anamtambua kwa macho peke yake, na pia kwa harufu peke yake. Akila mlo wa damu, harufu yake mwenyewe inawavutia zaidi wa jinsia nyingine. Na harufu ya soksi zilizovaliwa na mtu inamvuta kuliko ya soksi safi, jambo ambalo nilimwambia shemeji yangu kwa furaha kubwa.

"Yaani anamla mbu akishaniuma?" dada aliuliza. "Sasa hapo amenisaidia nini?"

Nilikuwa sijajibu akajijibu mwenyewe, kwa sababu ndiyo kazi yake. Mbu akimnyonya mgonjwa leo, vimelea vya malaria vinahitaji takribani siku 10 hadi 14 ndani ya mbu kabla havijaweza kumwambukiza mtu mwingine. Mbu aliyeshiba leo ndiye wa kuogopwa wiki mbili zijazo.

"Aa," alisema. "Anamla kabla hajafika kwa jirani."

Nikampa na lile la Anopheles. Shuleni tulifundishwa wote: mbu wa malaria akitua anainua tumbo juu, wengine hulaza. Evarcha anapendelea Anopheles, na mkao huo ni mojawapo ya alama anazozitumia. Watafiti waliwabandika mbu waliokufa katika mikao tofauti, na mkao ulibadilisha uchaguzi. Watoto wa buibui huyu, wadogo kuliko mbu wanayemtaka, wana mbinu yao kabisa kwa Anopheles: wanazunguka, wanatokea nyuma, wanapita chini ya lile tumbo lililoinuliwa, wanashambulia kutoka chini.

Na kuna jaribio la mwaka 2012 lililonirudisha kwenye swali la steshenari kwa nguvu. Ximena Nelson na Jackson waliwakata mbu na kuwaunganisha upya: kichwa na kifua cha dume, tumbo la jike lililojaa damu. Dume ana vipapasio vya kichwani vyenye manyoya mengi kama unavyoviona kwenye vitabu, jike vyake ni vyepesi. Tumbo jekundu lilikuwepo kwa wote, lakini buibui walipendelea wale wenye vipapasio vya jike. Hawakutosheka na wekundu wa tumbo. Walikagua na kichwa pia, kama vile wanajua dume hana damu.

"Kama vile," dada alisisitiza.

"Kama vile," nilikubali.

Kisha akaniuliza swali la muuguzi: kwa hiyo tuwalete mpungani? Nilikuwa nimeshalifikiria hilo usiku mzima, na nadhani hapana. Mbu wanaotoka kwenye jaruba moja la mpunga ni wengi kuliko tumbo la buibui yeyote, na mbu mkuu wa malaria huku chini, Anopheles arabiensis, ni mjanja: ng'ombe anamfaa kama mtu, na hukaa nje mara nyingi kama ndani. Kumhamisha mwindaji kutoka ziwani kwake ili atufanyie kazi yetu ni aina ya wazo linalosikika vizuri kwenye semina. Buibui huyu anapunguza mbu alipo, hilo ni jema, tumwache alipo.

"Neti sitoi," dada alisema.

Hakuna aliyemwomba aitoe.

## Usiku

Nyongeza moja, kwa wale waliofika hapa chini. Mwaka 2022 Daniela Rößler na wenzake walichapisha picha za video za watoto wa Evarcha arcuata, wa Ulaya huyu, wakiwa wamelala usiku wakining'inia kwenye uzi. Watoto hao bado ngozi yao inapitisha mwanga, kwa hiyo ile mirija ya macho inaonekana kwa nje. Na ilikuwa inatembea. Kwa vipindi vinavyojirudia, miguu ikijikunja na kutikisika, mirija ilihamahama kama inavyofanya ikitazama kitu, ilhali hakuna kitu. Kwa binadamu, kipindi cha usingizi chenye macho yanayohamahama ndicho chenye ndoto nyingi. Watafiti hawakusema buibui anaota, na mimi sitawazidi. Ila nimeacha kufagia kona ya juu ya rafu ya karatasi.

## Ombi kwa watu wa ziwani

Mbita Point iko Kenya, lakini ziwa ni lilelile. Mlioko Musoma, Mwanza, Bukoba na visiwani: mkiona ukutani, asubuhi, buibui mdogo mwenye uso mwekundu amejibanza nyuma ya mbu aliyeinua tumbo, msimpige ndala kabla ya kumpiga picha. Itumeni hapa kwenye maoni, mkiandika mahali na saa. Picha yenye ukungu nayo naipokea.